Ukigusa Ukuta, Kaa Majini

Najua mnavyonisema. Mnasema Bi Farasi anafundisha vizuri ila ana vijimambo vya chekechea: kila anayetoka bwawani lazima aitwe jina, na lazima aitikie kwa sauti, "Nimetoka!", hata kama ana ndevu. Juzi Hamadi alitoka, akajikausha, akaanza kufunga kamba za viatu bila kuitikia. Nikamrudisha. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka kidogo nisionekane mkali, lakini alirudi na akaitikia. Leo nitawaambia kwa nini. Mtanivumilia tu, maana mimi nikianza kusimulia sijui njia ya mkato.

Nianze na hilo jina. Kibiti hii hakuna farasi. Mbung'o wa bonde letu walishalimaliza suala hilo kabla babu zetu hawajazaliwa. Kwa hiyo niliporudi na picha nikiwa juu ya mnyama mkubwa namna ile, wanawake wa sokoni waliniuliza maswali mawili tu: je, ni wewe kweli, na je, ile suruali iliyokubana vile nani aliichagua? Jina likanikaa. Siku hizi hata imamu anasahau kwamba mimi ni Mwajuma.

Mchezo wangu ni huu mnaojifunza, pentathloni ya kisasa. Enzi zangu ilikuwa vitara, kuogelea, kuruka viunzi na farasi, kisha bastola na mbio zikichanganywa pamoja. Ninyi farasi mmeondolewa, mmewekewa vizuizi vya kuparamia na kuning'inia kama ngedere. Mna bahati. Chuma hakipigi teke, na hakiamki asubuhi kikiwa na hasira. Lakini kanuni ya mchezo haijabadilika: mwenye kazi moja hujitafutia ubingwa, mwenye kazi tano hujitahidi asiwe mbovu hata kwenye moja. Anayeringa kwa ile anayoiweza ndiye anayeshindwa na ile anayoikimbia.

Mimi niliingia humo kwa kiherehere. Nilikuwa jeshini, binti mwembamba, ninasifika kwa mbio za nyika. Asubuhi moja kwenye gwaride Afande Lyimo akauliza nani anakimbia vizuri na pia anajua kuogelea. Wenzangu wakatazama buti zao. Mimi, mtoto wa Mkongo, niliyevuka mto Rufiji tangu nikiwa mgongoni kwa mama, nikanyoosha mkono. Nilidhani tunapelekwa kuvua samaki au kulinda kivuko fulani penye ubwabwa. Jioni nilikuwa nimeshikishwa kitara, upanga mwembamba usio na makali, na kuvishwa barakoa ya waya.

Afande Lyimo ndiye kocha aliyenilea. Mtu wa Moshi, mfupi, mpole, anayeogopa mto kuliko kifo. Mchezo alikuwa ameusomea ng'ambo, na alirudi nao akiwa peke yake, hana hata wa kucheza naye. Mwezi wa kwanza alinipiga kila siku, kwa sababu sikuweza kumrudishia. Hebu fikirini: nimchome mtu mzima, tena afande, usoni? Nilikuwa ninamgusa begani taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Siku moja akavua barakoa akasema, "Mwajuma, shikamoo umenipa asubuhi na marahaba nimekuitikia. Heshima imekwisha pale. Sasa nichome." Nikamchoma. Alifurahi hadi akanisalimia yeye.

Kilichonisaidia kwenye vitara ni pondo. Ninyi mnaokulia barabarani mnaona boti za injini tu, lakini wenzenu wa mtoni na wa deltani wanajua: anayesukuma mtumbwi kwa ule mti mrefu hatumii nguvu za bega. Akitumia bega, anachoka kabla ya katikati na mtumbwi unazunguka. Kazi iko kwenye kiganja na kiuno, na miguu inabaki laini. Afande alipogundua hilo alinikataza kujifunza mtindo wake wa kusimama. Akasema simama unavyosimama kwenu. Basi nikasimama kama ninavuka, na wasichana wa nchi nyingine wakawa hawaelewi ncha ya kitara changu inatokea wapi.

Farasi nao, mtumbwi ulinifundisha. Sheria ilikuwa kwamba farasi si wako. Unampata kwa kura, unapewa muda mfupi wa kufahamiana naye, kisha unaingia uwanjani kuruka. Wenzangu wengi walitumia muda ule kumrukisha na kumkaripia, kila mtu anataka mnyama ajue bosi ni nani. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, nikaangushwa mbele ya wageni waalikwa. Nilipokuwa ninatoa mchanga mdomoni nikamkumbuka baba. Baba alikuwa akiazima mtumbwi wa mtu hasimami mara moja. Anaweka mguu mmoja, anautikisa kidogo, anasikiliza unalalia upande gani. Mti wa kuchonga haukosi upande wake, na huwezi kuunyoosha ukiwa katikati ya mto. Kinachobaki ni wewe kukaa ukijua. Tangu siku ile farasi yeyote niliyepewa nilimtembeza tu, pole pole, mpaka nijue analalia wapi. Sikuangushwa tena ila mara moja, na yule farasi hata mwenyewe alimkana.

Shabaha sina haja ya kuwaeleza sana, maana mnapiga vizuri kuliko nilivyopiga mimi. Niliamia ndege kwenye mpunga miaka mingi, nimekaa juu ya dungu na teo mkononi. Mtoto anayepiga kelele kutwa nzima anakauka koo na ndege wanakula. Mwenye akili anatulia, anaacha kundi litake kutua, hapo ndipo anatupa jiwe lake. Kwa hiyo ukifika kwenye bastola moyo ukiwa unagonga kwa mbio, usiikimbilie shabaha. Pumua, iache itulie, ndipo upige. Asha, hili ninakwambia wewe.

Sasa maji.

Kila mtu alidhani kuogelea ndiko kutanibeba, na ndiko kulikonitia aibu. Aliyekulia kwenye mto wetu haogelei kama kwenye televisheni. Hapigi mateke, maana mateke yanaita mamba. Anateleza kimya, kichwa juu, macho yanazunguka. Afande aliponiona bwawani mara ya kwanza alidhani naumwa. Alikaa pembeni na saa yake akisema, "Mwajuma, maji haya hayana meno. Piga teke." Ilichukua muda mrefu miguu yangu kuamini. Nilijifunza kuzamisha uso, kupiga mateke, kugeuka ukutani na kujisukuma kwa miguu. Nikawa mwepesi. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuna aliyenifundisha kuliacha, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ninalo.

Hapa lazima niwaambie habari za kaka yangu Seifu.

Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo, upande wa Utete, na sisi tulikaa upande wa huku. Tulivuka asubuhi na kurudi alasiri, na maji yakipungua kiangazi sehemu ya mwisho tulishuka mtumbwini tukaitembea au kuiogelea. Alasiri moja Seifu alivuka salama. Akatoka, akapanda hadi kwenye majani, akacheka na wenzake. Kisha akaona miguu yake ina tope na jembe lina tope, akarudi ukingoni kuosha. Alichuchumaa tu. Mama alikuwa nyuma yake, amebeba mzigo wa mpunga kichwani. Sitasema zaidi ya hapo. Sikuweza kulisema wakati ule na siwezi sasa.

Tangu siku hiyo kivuko chetu kikawa na desturi yake. Katikati ya mto si hatari kama ukingo, maana ukingoni ndiko mamba anakosubiri. Kwa hiyo ukigusa ukingo, hupumziki, huoshi, hutazami nyuma. Unatoka kwa nguvu zako zote hadi kwenye majani, na ukifika unaita, "Nimetoka!" Mama alikuwa akisimama juu akihesabu sauti zetu. Hata wapita njia walijifunza kuita. Wachuuzi waliokuja na vitenge na sufuria kutoka madukani Utete walikuwa wakipanda ukingo na kuita "Nimetoka!", na mama anawaitikia "Haya, baba," ndipo anarudi kwenye shughuli zake.

Sasa twendeni Cairo. Mashindano ya Afrika, nafasi moja tu ya mwanamke kwenda kwenye michezo ile mikubwa ya dunia nzima. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Si kwa ajili ya sifa peke yake, ingawa sifa nazipenda, msinione hivi. Nilitaka siku moja watu wa Mkongo waseme mto wetu umetoa kitu, badala ya kusema umechukua.

Vitara vilikwenda vizuri. Tukaingia majini. Niliogelea siku ile kama sijawahi kuogelea, nikagusa ukuta kabla ya kila msichana kwenye kundi langu. Na mara tu kiganja kilipogusa ukuta, mwili ukafanya unachokijua. Sikufikiri. Nilijirusha nje ya bwawa kwa mikono miwili, nikakimbia vigae vyote hadi kwenye majani ya plastiki waliyotandika karibu na viti vya waamuzi, nikasimama pale natiririka maji, nikaita kwa sauti ya mtoni: "Nimetokaaa!"

Watazamaji walipiga makofi. Walidhani ni furaha. Mwamuzi hakupiga. Sheria inasema hutoki majini mpaka wote wamalize na upewe ruhusa, na mimi nilitoka wenzangu wakiwa bado wanaogelea. Nikakatwa pointi. Na mnajua pointi zetu zinavyogeuka kuwa muda: mwenye nyingi anaanza mbio za mwisho mapema, mwenye chache anasubirishwa mstarini. Nilisubirishwa, nikimtazama Nadia, msichana wa Misri, akiondoka peke yake. Nilimkimbiza nusu ya siku, au niliona hivyo. Nilifika mwisho mgongo wake ukiwa karibu hivi, ningenyoosha mkono ningemshika nywele. Tofauti yetu ilikuwa ndogo kuliko ile adhabu.

Afande Lyimo hakunigombeza. Alinipa chai, akaniuliza, "Kwa nini ulitoka?" Nikamweleza habari za Seifu, mara ya kwanza kumwambia mtu nje ya kwetu. Yule mtu wa mlimani akasema, "Hilo mimi siwezi kukufundisha. Nenda kwa aliyekufundisha." Nililia safari nzima ya kurudi, na hata sasa nikikumbuka, ladha ya uchungu wake naijua.

Tulijaribu hata hivyo, msifikiri tulikaa. Miaka yote hadi mashindano yaliyofuata tulifanya kila ujanja. Nilining'inia ukutani nikihesabu, nikaimba, nikasoma Kulhuwallahu. Mazoezini niliweza. Kwenye mashindano madogo niliweza kwa shida, miguu nimeikunja hadi kifuani kama bata. Lakini nilijua siku nikiwa nimechoka kabisa, roho iko mdomoni, mwili utanikimbia tena. Na magoti yalikuwa yameanza kulalamika. Ile ingekuwa safari yangu ya mwisho.

Basi nikaenda Mkongo. Nilimkuta mama anapepeta mpunga uani. Nikamsaidia, tukapepeta wote hadi ungo wa tatu.

"Mama," nikasema, "nimekuja kuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini weye, mtu mzima na mishahara yako? Au umepata mume?"

"Ya kukaa ukingoni. Nikifika, nisitoke. Nikae majini mpaka niambiwe."

Mama aliweka ungo chini. Nilimweleza bwawa lilivyo, maji meupe, chini kuna vigae, hakuna kinachoishi humo. Nikamweleza nafasi niliyoikosa na kwa nini niliikosa, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Alisikiliza akiokota chuya kwenye mkeka.

"Kwa hiyo ilikuwa miye niliyekukosesha," akasema.

"Hapana, mama. Wewe ndiye umenifikisha hai hadi nikawa na cha kukosa."

Alinitazama. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia mbele ya watoto, lakini siku ile alijifuta macho kwa ncha ya kanga bila kujificha. "Siye hatukukaa ukingoni tangu kaka yako," akasema. "Haya. Kaa. Nimekupa ruhusa. Lakini ukishatoka, niambie. Usiniambie umeshinda, usiniambie umepata nini. Niambie kwanza umetoka."

Nikamwahidi. Akaokota ungo wake, akaniambia sijui kupepeta, nimeharibiwa na jeshi.

Cairo ileile, bwawa lilelile. Nadia alikuwepo, mwembamba zaidi, na alinikumbatia kwa sababu adui wa miaka mingi mwishowe huwa ndugu. Tuliogelea kundi moja. Niligusa ukuta nimechoka hata taa za juu zinaniyumba machoni, na pale pale nikasikia mwili umeamka. Mikono ilikuwa imeshapanda juu ya ukingo. Viwiko vimekaza. Wanangu, woga ule hauna maelezo. Nilijua kabisa kwamba chini hakuna kitu, na mgongo wote ulikuwa unasubiri meno.

Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele za watu: "Nimepewa ruhusa." Nikashusha mkono mmoja. Nikashusha wa pili. Nikanyoosha na miguu, nikaiacha ining'inie kwenye maji yale. Nadia akafika, akagusa kando yangu, akanitazama, akadhani nazungumza naye, akatabasamu. Tukakaa pale wawili hadi wa mwisho akafika na mwamuzi akatoa ishara. Nilitoka kwa ngazi, taratibu, kama mke wa tajiri.

Yaliyobaki mnayajua, mmeyasikia kwa wazee wa kahawa hapa Kibiti wakiyaongezea chumvi. Farasi wangu alikuwa mwekundu, analalia kushoto, nikakaa nikijua. Nadia alianza mbele yangu hatua chache. Shabaha za mwisho yeye alizikimbilia, mimi nikapumua. Nilimpita pale, na safari hii ni yeye aliyeuona mgongo. Kuhusu michezo mikubwa yenyewe, nilikwenda, nikavaa koti lenye bendera, nikamaliza chini kidogo ya katikati. Wazee wanasema nilikuwa wa kwanza duniani. Siwasahihishi, ni watu wazima.

Lakini siku ile, Afande Lyimo alinikuta nimelala chali baada ya utepe, analia yeye, ananipa simu. Mkongo wakati ule mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya nyumba ya jirani. Mlio haukuisha, mama akawa ameshapokea.

"Toka asubuhi nipo hapa juu," akasema. "Jua lote limenipiga miye. Haya, sema."

Nyuma yangu wanatangaza jina langu na la nchi. Watu wanapiga vigelegele kwa Kiarabu.

"Nimetoka, mama."

"Umefika majanini?"

Nikapapasa chini. Nilikuwa nimelala kwenye nyasi za uwanja, za kweli, zenye umande wa mabomba.

"Nipo majanini, mama."

Nikasikia akishusha pumzi, akawaambia waliosimama chini ya kichuguu: "Katoka." Wakaitikia wote. Kisha akaanza kushuka na mtandao ukakatika, na habari ya ushindi aliisikia redioni kama watu wengine.

Mama hayupo tena. Hili bwawa la nyumba ya wageni, mwenyewe Bwana Harish ametuachia asubuhi zote kabla wageni wake hawajaamka, na mimi nasimama pembeni na filimbi shingoni. Kwa hiyo, Hamadi, na wewe Asha, na ninyi wapya wa kutoka Mbwara mnaojiona mnajua maji: ukigusa ukuta, kaa. Ruhusa hiyo ninawapa mimi, kama nilivyopewa. Ning'inia, pumua, subiri ishara. Na ukishatoka, nikiita jina lako, weka hicho kiatu chini uniitikie. Mimi naanza kupumua nikishasikia sauti yako.